Salamu za Pasaka: Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu wa makanisa mengine, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani zetu Waislamu, ambao mwaka huu mfungo wao na Kwaresima yetu vilianza karibu siku moja, hata mihogo ya futari tukaigombania pamoja sokoni, asalaam aleykum.

Kwa niaba ya jumuiya yetu hapa upande wa Ndanda, na kwa niaba ya familia, nawatakia nyote heri na baraka za Pasaka. Kristo Mfufuka awajalie afya, amani na riziki, ninyi mlio Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi na Mtwara mjini, pamoja na mlioko Dar es Salaam ambao nauli imewabakiza huko. Tunaelewa. Hata huku jogoo wa Pasaka aliuzwa wiki ya pili ya Kwaresima, maana ada ya shule haikungoja Aleluya. Wali utapikwa. Mafuta yatapimwa kwa kijiko.

Hii ni Pasaka yetu ya kwanza bila mzee, baba yetu. Mlikuja kumzika, Mungu awalipe. Mtakumbuka mjomba aliposimama pembeni ya kaburi akasema yale yasemwayo kila msiba: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na familia. Maneno yale tumezoea kuyasikia huku tukijikung'uta vumbi tuondoke. Safari hii mkono ulinyooka. Jirani yetu, mzee mwenzake wa miaka yote, alivua kofia akasema, “Nilikuwa namdai laki sita. Nimemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.” Akaivaa kofia yake, akarudi kwenye kivuli cha mwembe.

Nyumbani hakuna aliyekuwa akijua. Mama ndiye aliyekuja kuunganisha habari baadaye. Mwaka jana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, uliwahi maua ya mikorosho, mzee hakuwa na fedha ya salfa ya kuuzuia, na alikuwa ameapa hatauza tena hata punje kwa kangomba, ile biashara ya kuuza korosho kwa bei ya chini kabla ya mavuno. Jirani alikuwa ametoka kuuza ufuta wake. Fedha ile ilikuwa ya bati. Mzee akafa kabla korosho hazijaanguka, na zilizoanguka zilimalizwa na hospitali na sanda.

Mvua za Machi zilipokaza nilikwenda kumjulia hali. Nyumba yake nusu bati, nusu nyasi. Upande wa nyasi umefunikwa turubai la bluu, limekandamizwa kwa matofali mabovu, na chini yake pana beseni linalopokea tone. Tulipokuwa tukizungumza alisimama mara mbili kwenda kulimwaga. Nikamwambia tutalipa kidogo kidogo. Akanikatalia kwa upole: “Nimeshasema mbele ya watu. Ukinilipa unanirudishia neno langu.”

Jana usiku, padre alipoimba Mbiu ya Pasaka, tulifika pale inapotajwa kwamba Kristo alimlipia Adamu deni lake kwa Baba wa milele. Nimeisikia tangu nikiwa mtumishi wa altare. Jana ile “deni” ilinikaba koo, mshumaa ukaniyeyukia vidoleni.

Maana swali ni la zamani: nani alilipwa? Bwana mwenyewe alisema katika Marko 10:45 kwamba amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, ila hakusema fidia inapokelewa na nani. Wapo mababa wa Kanisa waliosema ni Ibilisi, aliyetushika mateka. Gregory wa Nyssa, karne ya 4, alifananisha na uvuvi: mwili wa Kristo ni chambo, uungu ni ndoana, Ibilisi akameza akanaswa. Wavuvi wa Msimbati wangemwelewa bila mfasiri. Lakini Gregory mwenzake, yule wa Nazianzus, katika mahubiri ya Pasaka alilikataa wazo hilo kwa ukali: yaani mnyang'anyi alipwe, tena kwa damu ya Mungu? Nilimkumbuka mtani wetu aliyeingia kaburini siku ile akagoma kutoka mpaka apewe elfu kumi. Tulimpa, tukacheka huku tunalia, lakini hakuna aliyeamini kwamba kaburi lilikuwa lake. Na huku kwetu ukombozi haukuanza kama neno la mimbarini. Misheni ya Waanglikana ya Masasi ilianza mwaka 1876 na watu waliotoka utumwani, walioletwa kutoka Unguja. Waambie hao kwamba mwenye minyororo ana haki ya kudai!

Baadaye Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliligeuza swali mnamo mwaka 1098: dhambi imemnyima Mungu heshima yake, mtu ndiye anayepaswa kulipa, Mungu pekee ndiye awezaye, basi alipe aliye Mungu na mtu. Abelard, kizazi kilichofuata, akaona msalaba ni upendo unaotuvunja moyo mpaka nasi tupende. Calvin, aliyekuwa amesomea sheria, alizungumza zaidi habari za hukumu: adhabu yetu ilimwangukia mwingine. Na mwaka 1930 mwanateolojia wa Kilutheri wa Sweden, Gustaf Aulén, akawarudisha watu kwa mababa: msalaba ni vita, na Kristo ndiye mshindi. Kanuni ya Imani ya Nisea tunayoisali kila Jumapili inasema tu “kwa ajili yetu”, na hakuna mtaguso mkuu uliowahi kuchagua maelezo moja na kuyafunga mengine.

Sina kisomo cha kuwaamua hawa. Ila Ijumaa Kuu mhubiri mmoja wa kipaza sauti alisema Baba alimpiga Mwana mpaka hasira ikapoa, na mpwa wangu wa miaka tisa akaniuliza kama Mungu hawezi kusamehe bure kama babu wa jirani. Nikamwambia babu hakusamehe bure. Laki sita hazikuyeyuka, zimo kwenye lile beseni. Ndipo nilipoelewa ule mstari wa 2 Wakorintho 5:19, Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Anayedai ndiye aliyenyeshewa. Na anayenifundisha haya ni jirani huyu, Mwislamu, ambaye imani yake inasema hakuna abebaye mzigo wa mwenzake.

Basi ndugu zangu, tusiimbe Aleluya na madaftari ya madeni yakiwa kifuani. Kuna ndugu hawajasalimiana tangu urithi wa mikorosho mitano. Kuna mwenye duka anayetangaza deni la mjane mbele ya wateja, halafu Ijumaa Kuu anakuwa wa kwanza kubusu msalaba. Wazazi, acheni kuwaambia watoto kwamba Mungu ni mgambo. Vijana, kangomba itawala mpaka mashina. Mwenye kudaiwa na alipe, asijifiche nyuma ya huruma ya watu. Mwenye kudai na atazame kwanza jinsi yeye alivyotoka kaburini bila kulipa senti. Hayo nimeyasema na kwa nafsi yangu.

Mama anawasalimu. Misa ya marehemu itasomwa wiki ijayo, na michango ya jumuiya ya miezi mitatu bado inasubiriwa. Jumatatu ya Pasaka, asubuhi kabla ya jua kali, sisi watoto wa marehemu tunakwenda kwa jirani na bati kumi na mbili. Mwenye nyundo na aje nayo. Tumekubaliana hakuna atakayetamka neno kulipa. Akiuliza bati ni za nini, sijui nitamjibu nini.

Heri ya Pasaka.