Salamu za Krismasi kwa wazazi wenzangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa niaba ya familia yangu nawatakieni nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye amani na baraka tele. Mwaka huu umekuwa mzito. Gharama za maisha zimepanda, misiba imebisha hodi nyumba nyingi, na kwetu hii ni Krismasi ya kwanza bila baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitupenda, nasi tulijua. "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe": kila alipotuchapa alianza na mstari huo wa Mithali 13. Tulikua na adabu, watu walimsifu. Ila hofu zetu, hata maswali yetu juu ya Mungu, hatukumpelekea. Alipougua tulimhudumia kwa zamu, tukaongea habari za dawa na ibada, basi. Inaniuma kwamba ameondoka bila kutujua vizuri.

Ndiyo maana msimu huu nimekaa sana na Luka 2. Wengi tukishasoma hori na wachungaji tunafunga kitabu. Tuendelee mpaka mstari wa 41. Yesu ana miaka 12, amebaki Yerusalemu bila kuaga, wazazi wanamwona baada ya siku tatu. Wangapi kati yetu wasingeshika fimbo? Mariamu aliuliza: "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Akamweleza walivyohuzunika. Jibu lake hawakulielewa, lakini Luka anasema alishuka nao mpaka Nazareti, akawa akiwatii.

Wapendwa, Kumbukumbu la Torati 21 inaagiza mwana mkaidi apigwe mawe, na hakuna mchungaji anayetuhimiza tufanye hivyo. Tunaisoma kwa nuru ya Kristo. Mbona Mithali hatuisomi hivyo? Gongo na fimbo za Zaburi 23 zinafariji. Paulo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto, "wasije wakakata tamaa" (Wakolosai 3:21). Mtoto awekewe mipaka, arekebishe alichoharibu, aombe radhi. Lakini tusimchape kwa jina la Mungu! Anayepigwa kwa jina hilo mchana, usiku atalikimbiliaje?

Watoto wako nyumbani likizo hii. Waulizeni, kisha nyamazeni mpaka wamalize kusema.

Bwana awafariji waliofiwa, awape wazazi wote subira na hekima. Heri ya Krismasi na fanaka za Mwaka Mpya.