Usianze na Bologna

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wazee. Barua yako imenifurahisha mno, hasa uliposema mswada wa riwaya yako ya vijana umekamilika. Hongera sana, mwenzangu!

Sasa hilo la kuchanga nauli ya kwenda Bologna, Italia, kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto. Pesa hiyo ishikilie kwanza. Maonyesho yale yapo tangu 1964, na wachapishaji wa vitabu vya watoto kutoka kila pembe ya dunia hukutana pale. Lakini lile ni soko la haki za kuchapisha na kutafsiri. Wachapishaji na mawakala, wale wanaowauzia waandishi kazi zao, wanazunguka meza hadi meza kwa miadi waliyoipanga mapema, na wanachouziana zaidi ni vitabu vilivyokwisha kutoka au vilivyo njiani. Mwenye mswada mkobani, tena asiye na wakala, atahangaika tu. Wachoraji ndio wenye nafasi: wana maonyesho yao ya picha, na kuta za kubandika kazi zao. Mdogo wako anayechora, huyo akipata uwezo namwambia aende.

Wewe unahitaji mtu wa kukaa na kurasa zako. Kwa hilo naipenda SCBWI, chama cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1971. Wana vikao vya intaneti pia, kwa hiyo hutafuti viza. Kwenye mikutano yao mara nyingi unaweza kulipia ada ya ziada, ukatuma kurasa za mwanzo, mhariri au wakala akazisoma, kisha mkazungumza nyinyi wawili. Ni dakika chache, lakini hizo ndizo za kulipia. Ataona mara moja kwamba Mwanaidi, mhusika wako, anaanza kuwa mtu pale anapoficha barua ya shule chini ya godoro, na kabla ya hapo ni shangazi tu anayeongea. Mimi nimeliona hilo, ila ningependa ulisikie kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Kabla ya kulipa, soma majina ya wazungumzaji. Kama wote ni watu wa vitabu vya picha, vile vya kurasa 32, riwaya yako ya wasomaji wa miaka 14 haitapata mtu wa kuijadili. Na anayekuahidi kwamba ukilipa kiingilio utachapishwa, mkimbie.

Halafu mswada wako ni wa Kiswahili, na wakala wa New York hatausoma mpaka uzitafsiri kurasa hizo kwa Kiingereza. Ndiyo maana nakuomba uanze na Nairobi, maonyesho ya vitabu ya Septemba pale Sarit, kwenye jumba la maduka, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya. Kutoka Tanga ni basi tu. Meza nyingi utazikuta zimejaa vitabu vya shule, maana huko ndiko pesa ya wachapishaji wetu iliko. Usivunjike moyo. Uliza nani anashughulikia hadithi za vijana, wanapokea miswada kwa njia gani, na mkataba wao unasemaje kuhusu mrabaha, ile sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi. Wahariri wa Kiswahili wanapita pale, na utazungumza nao kwa lugha uliyoandikia.

Utalala kwangu, chumba kipo. Ila sura ya kwanza nitumie mapema, ukishampunguza shangazi, tuipitie pamoja kabla hujapanda basi.

Wako akupendaye,
Mwanaisha