Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha waandishi wa skripti, Kampala

Ndugu wanachama, wakubwa kwa wadogo, salaam nyingi. Shughuli za kawaida nazipitia mbio maana mliokuwepo mnazijua, na msiokuwepo mlipata meseji kwenye grupu mkaweka dole gumba tu. Jumamosi zetu ziliendelea. Tumejifunza kichwa cha sini, yaani ule mstari unaosema kipande kinatokea ndani au nje, wapi, mchana au usiku, tumejifunza kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye skrini (yule aliyeandika kurasa sita za watu wawili wanakunywa chai sasa anajua ametupa dakika sita za chai), tukaangalia tamthilia za Marekani tukaona kwa nini kila kipande kinakatika penye joto, ni kwa sababu matangazo yanaingia na mtazamaji asibadilishe chaneli. Skripti fupi 7 zimeisha, 14 zimekwama ukurasa wa tatu. Tusonge.

Sasa hili la VJ, yule mtafsiri wa filamu kwa maiki kwenye kibanda cha video niliyemwita atufundishe, maana najua maneno yanazunguka, ati mwenyekiti amechukua hela ya kamera akampa mtu wa kibanda. Hela ilikuwa 640,000, kamera tuliyoulizia bei ilikuwa zaidi ya milioni mbili, hata tungefunga na kuswali tusingeifikia. Nilichotoa ni 300,000, ikalipa VJ kwa Jumamosi tatu na kuprinti skripti zenu, na kamati iliarifiwa, kama hamkusoma meseji mimi nifanyeje?

Mwenzetu mmoja akaandika kwamba chama kimegeuka kibanda na mwalimu hana cheti. Cheti! VJ anakaa na maiki mbele ya watu waliolipa kiingilio, filamu ni ya Kihindi au Kichina, yeye anaigeuza Kiganda papo hapo, na wakichoka wanatoka, tena wanamtukana wakitoka. Nani kati yetu hapa amewahi kupimwa hivyo? Na filamu ya Wakaliga, mtaa wa hapahapa Kampala, Who Killed Captain Alex ya 2010, imetazamwa mpaka ng'ambo na sauti ya VJ imo mle ndani kama mhusika mwingine, kwa hiyo tusidharau vya kwetu halafu tukasubiri Wazungu watuambie ni vizuri.

Mliokuwepo ile Jumamosi ya pili mtanishuhudia. VJ alisoma kwa sauti skripti ya mwenzetu, dada anaingia sebuleni anamwambia kaka yake, "Kama unavyojua, mimi ni dada yako na baba yetu alifariki mwaka jana." Jamaa akaweka karatasi chini akauliza, hawa wamekutana lini, leo? Watu tulicheka mpaka jirani akachungulia. Akasema mpe huyo dada koti la baba alivae, kaka akasirike amvue, mtazamaji ataelewa mwenyewe na mimi VJ nitapumzisha koo. Mwenye skripti alifuta nusu ukurasa palepale. Somo hilo kamera ingetupa? Kamera ingerekodi ule ubaya vizuri tu.

Halafu tuje kwenye ada, hapa ndipo roho inauma. Kwenye rejista tuko 38, waliolipa mwaka mzima ni 11, wengine wamelipa nusu, na wengine ni "mwenyekiti kesho natuma kwa simu" tangu Februari. Mahudhurio ndiyo aibu, siku ya soda tunajaa mpaka viti havitoshi, siku ya kusoma skripti tuko sita au saba, na wawili kati ya hao wako kwenye simu. Transpoti ya VJ na chai ya siku zote tatu nimetoa mfukoni mwangu, sisemi ili nisifiwe, ila katibu aandike kwenye minitsi.

Mwakani Mungu akijalia tunataka angalau skripti moja ipigwe picha, ikiwezekana kwa simu, na tukijipanga tupeleke kitu kwenye Uganda Film Festival, ipo tangu 2013 na sisi tunaisikia redioni tu. Wengine wajaribu Maisha, ile ya mafunzo ya filamu aliyoanzisha mwongozaji Mira Nair hapa Kampala 2004, nafasi zao zikitangazwa. Kamera nayo tutaiangalia, tutaona.

Uchaguzi unakuja. Anayekitaka hiki kiti fomu ziko kwa katibu, ila sheria ni ileile, asiyelipa ada hagombei wala hapigi kura.