Kaka, mzee hakuwa mtu wa Mugabi

Kaka,

Nimekupigia hupokei, na kwenye grupu ya familia unasoma unanyamaza, tiki za buluu naziona. Sasa nakuandikia hapa peupe, labda hao jamaa zako wa Doha wakisoma watakuonyesha. Wasiotujua wavumilie, sitaanza kueleza nani ni nani.

Neno langu ni moja, kwa yale uliyosema kwenye maiki msibani kuhusu mabondia wetu wa Uganda, John Mugabi na Ayub Kalule. Mzee wetu hakuwa mtu wa Mugabi. Alikuwa mtu wa Kalule tangu tunapata akili mpaka tumemzika, na wewe unajua hivyo.

Najua kuna watu watasema huyu dada kilio kimemchanganya, watu wawili hawajawahi hata kupigana sasa ugomvi wa nini. Ni kweli hawakupigana. Kalule alianza ngumi za kulipwa 1976 akaenda zake Denmark kwa promota Mogens Palle, wakati huo Mugabi bado mtoto, akaja kupigania timu ya taifa mpaka Olimpiki ya Moscow 1980, akafika fainali yule Mcuba Aldama akamshinda, akarudi na medali ya fedha, na Desemba ya mwaka huo huo ndio naye akaanza kulipwa. Mmoja yuko juu kileleni mwingine ndio anafunga glavu. Na ndiyo maana ule mchezo wetu wa kubishana nani angemshinda mwenzake ulinoga pale kambi ya polisi Nsambya jioni, sisi kwenye ngazi za kwota na mzee na redio yake, manake hakuna aliyeweza kukuambia umeshindwa. Unabisha mpaka ugali wa posho unapoa.

Si unakumbuka sheria zake? Kila bondia anachukuliwa siku yake bora kuliko zote. Uzito pauni 154, hakuna kuongeza. Raundi 15 si 12. Na kupima uzito asubuhi ya siku yenyewe kama enzi zao, si haya ya siku hizi mtu anapimwa jana, anakula na kunywa usiku kucha, kesho anapanda ulingoni amekuwa mtu mwingine. Boza-Edwards alimtoa hapo hapo, bingwa wa dunia sawa lakini mwepesi mno, hakuna la kuzungumza. Kassim Ouma alimwingiza baadaye, baada ya ule mkanda wa dunia wa IBF wa Oktoba 2004, na alimpenda sana yule kijana kwa sababu mtu ametekwa utotoni akafanywa askari halafu anakuja kurusha ngumi raundi zote 12 kama hajui kuchoka. Lakini alimweka wa tatu. Alisema Ouma angemaliza raundi zote na yeyote kati ya wale wawili, angepoteza kwa pointi, na angewatoa jasho. Hapo hata wewe ulikubali.

Basi turudi kwa wawili wetu.

Siku bora ya Kalule ni 24 Oktoba 1979, Akita, Japan. Amin ametimuliwa Aprili ile, nchi haina sukari haina sabuni, na Mganda anakwenda kwa watu, nyumbani kwa bingwa wa dunia Masashi Kudo, anacheza naye raundi zote 15, majaji wote watatu wanampa yeye. Mzee alikuwa anasema kumshinda Mjapani Japan kwa pointi ni sawa na kumshinda mara mbili. Ni bondia wa mkono wa kushoto, miguu haisimami, anakugusa anaondoka, anakugusa anaondoka, na ukikasirika ndio umekwisha.

Siku bora ya Mugabi, na hapa mzee alikuwa tofauti na watu wote wa kambini, ni siku aliyopigwa. 10 Machi 1986, Las Vegas, na bingwa wa dunia Marvin Hagler. Kwetu ilikuwa Jumanne asubuhi, jeshi la Museveni, NRA, limeingia Kampala Januari ile, hata kambi haijatulia nani ni afande wa nani, na mzee anatafuta stesheni kwenye redio. Mugabi anakwenda pale amepigana mara 25 na zote 25 amewalaza watu. Na alimtia Hagler ngumi ambazo hakuna mtu wa uzito ule amewahi kuzipokea akabaki wima. Mpaka raundi ya 11.

Na hoja yako naijua, naweza kuisema hata usingizini. Kwamba baada ya Mugabi, Hagler hakushinda pambano lingine tena, mwaka uliofuata Sugar Ray Leonard akamchukulia mkanda, Hagler akaacha ngumi kabisa, kwa hiyo Mugabi ndiye aliyemla Hagler na Leonard akaja kuokota mifupa. Ni hoja nzuri, sikatai. Na ile nyingine yako, kwamba Kalule amepoteza mara nne tu maishani lakini zote nne hakusikia kengele ya mwisho, Leonard, Davey Moore, McCallum, Herol Graham. Kwa hiyo mtu mwenye ngumi nzito akimpata, kwisha.

Lakini kaka, soma raundi zenyewe. Leonard, Houston 1981, raundi ya tisa ikiwa inaisha, na Leonard yule ni Leonard wa moto, miezi michache baadaye akamtoa Hearns, na usiku ule wa Kalule alifurahi mpaka akapiga sarakasi ulingoni. Moore raundi ya kumi. McCallum ya saba. Graham ya kumi, tena 1986 Kalule ameshakuwa mzee wa ngumi. Hakuna, nasema hakuna, aliyewahi kummaliza kabla ya ile ya saba. Sasa niambie Mugabi wa raundi ya saba ni nani? Yule James Green alimburuza mpaka ya kumi, Mugabi akashinda lakini anahema. Na Hagler, kuanzia ya sita ile mikono ilikuwa inashuka yenyewe. Mugabi alipigana kama mtu aliyeacha chungu jikoni, lazima amalize upesi. Kalule angemzungusha raundi sita huyo, angekula mbili tatu za mbavu, angeumia hata, sikatai, na kuanzia ya nane ungeona mtu mmoja tu ulingoni.

Na usiniletee mkanda wa dunia wa Mugabi. Julai 1989, bingwa Jacquot kateguka mguu raundi ya kwanza, mkanda ndio huo. Mwaka uliofuata Terry Norris kamlaza raundi ya kwanza. Kalule mwisho mwisho wake, 1985, amechoka, bado alimshinda Sumbu Kalambay huko kwao Italia, yule yule aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kumpiga McCallum. Hizi si hoja zangu, ni za mzee, neno kwa neno.

Sasa ile siku ya Busia, msibani.

Watu wamejaa, tenti mbili, moto umewashwa, wanakwaya wamechoka, MC anasema sasa mtoto mkubwa aseme neno. Ukachukua maiki. Ulipendeza, nilijivunia wewe wallahi, ile suti. Ukaanza vizuri, kazi ya mzee polisi, ngumi za polisi, alivyotufunga bandeji mikononi. Nikawa nalia vizuri tu, kilio cha shukrani. Alafu ukasema, "Mara ya mwisho nimeongea na mzee kwenye simu aliniambia mwanangu nilikosea, Mugabi angemlaza Kalule raundi ya nne." Watu wakacheka wakapiga makofi, wazee wa kambini wakapiga mluzi. Mimi nimesimama na trei ya vikombe nikasema kwa sauti, hapana, hakusema hivyo. Wewe ukanitazama, ukacheka kwenye maiki, ukasema, "Dada zetu walikuwa wanachemsha chai wakati wanaume wanatazama ngumi." Na watu wakacheka tena. Zaidi ya mara ya kwanza.

Chai. Mimi.

Nani alikuwa anakaa na mzee kwenye kile kibanda cha video kule Kevina, wewe uko na wasichana wako? Nani aliyejua kuhesabu pointi, 10 kwa 9, kwenye daftari la hesabu, mpaka mwalimu akanichapa? Ulinibeba mabegani kwenda kwenye ngumi Lugogo, sisahau, ulininunulia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, ukanionyesha jinsi ya kukunja ngumi dole gumba lisivunjike. Wewe ndiye ulinifundisha! Ndio maana inauma. Angesema mtu mwingine ningemwagia chai hiyo hiyo.

Na hiyo simu unayosema, kaka, mimi ndiye nilikuwa nimeishika. Mzee alikuwa hasemi. Tangu kiharusi cha pili alikuwa hasemi, alikuwa na ile sauti moja tu, mmm, ya kutaka maji na ya kukataa uji na ya kila kitu. Uliongea peke yako. Ukasema mzee, Mugabi raundi ya nne au vipi, mzee akatoa ile sauti, ukasema unaona, amekubali. Lakini hukuona. Mimi niliona. Aliinua mkono wa kushoto. Aliuinua juu hivi, na sote tunajua kushoto ni nani. Ndiyo, ni mkono uliokuwa umebaki mzima, najua utasema hivyo, mama naye amesema hivyo, lakini hakuwa anauinua ovyo. Kabla sauti haijapotea alikuwa ananiambia kwa taabu, mwanangu, sasa na mimi nimekuwa Kalule, nina kushoto tu, anacheka upande mmoja wa mdomo. Jioni nilikuwa nasimamisha simu kwenye kikombe tunatazama lile pambano la Houston, na kila ikikaribia raundi ya tisa ananionyesha nizime. Hakutaka kuiona. Mtu wa Mugabi angezima hapo?

Wewe hukuwepo. Sikulaumu kwa kyeyo, hizo kazi za ughaibuni, jua la Doha si mchezo kusimama nalo kutwa umevaa buti, na karo yangu ilitoka huko, kila muhula, sijasahau hata shilingi. Lakini nakushauri kitu kama dada, na umri si hoja. Ukimpigia mama usimtumie tu pesa ukakata, kaa naye kwenye simu, muulize habari za miguu. Na usiwe unawaambia watu mambo ya mzee ambayo hukuyaona, niulize mimi kwanza, mimi nilikuwepo. Kazi ya Juba niliiacha kwa sababu hiyo. Watu wanasema nilibaki kwa ajili ya ile ploti, shangazi amesema, na nasikia na wewe umesema, haya, ploti ichukue, ipande mihogo. Mimi nilibaki kwa sababu mtu alitakiwa kumgeuza mzee usiku asipate vidonda, na mtu huyo hakuweza kuwa mama na mgongo ule. Sikubaki kwa kukosa pa kwenda. Ungeniuliza ningekuambia hayo, lakini wewe uliuliza habari za jeneza tu, bei gani.

Binti yangu anataka kuanza ngumi. Tangu alipomwona Catherine Nanziri amefika Olimpiki ya Tokyo, haambiliki. Nimemwambia mjomba wako atakuletea glavu, usiniangushe, aunsi 10, si zile za mapambo. Na usimfundishe kupiga kama Mugabi, nimeshamwanzisha na miguu kwanza.

Mama asijue nimeandika haya. Anasema wewe na mimi tulianza kugombana nikiwa tumboni, na ana meno mawili tu yaliyobaki mbele lakini akisema hivyo anacheka yote.

Kitu kingine, mwenye tenti. Ananipigia mimi si wewe, kila siku asubuhi kabla sijafika hata kazini. Ulisema tenti na viti ni zako. Tuma kwenye namba yangu, ya mama laini yake imefungwa, na ongeza ya kutolea manake safari iliyopita nililipa mimi.