Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ngao Iliyopanda Mlimani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wauguzi, wakunga na matabibu wastaafu wa Tanga, wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu poleni na safari. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumeshawaombea, kila mmoja kwa dini yake, kwa hiyo naingia kwenye taarifa.

Hesabu mnazo kwenye karatasi ya mtunza hazina. Zisomeni, muulizeni yeye, si mimi. Nitasema tu kwamba ada bado tunazikusanya kwa kubembelezana, jambo la aibu kwa watu waliokuwa wakiwafokea wagonjwa kwa kuchelewa kliniki. Mfuko wa kufa na kuzikana haukumwangusha mtu. Feni ya ofisi ni ile ile.

Sasa nije kwenye lililotugombanisha. Miaka yote ngao ya heshima ya chama hiki imekwenda kwa muuguzi, mkunga au tabibu mstaafu wa mkoa wetu wa Tanga. Safari hii kamati yenu imewapa watu ambao hata wanachama si wao: kikundi kidogo kisicho cha biashara, kule safu ya Amani wilayani Muheza, kinachoandaa vijana wa vijijini kwenda vyuo vya afya. Nilipigiwa simu nyingi. Kaka yangu mmoja, tulifanya naye zamu za usiku hospitali ya Bombo, aliniuliza, "Mwenyekiti, ngao ya manesi unampa mwalimu wa Fizikia?"

Naam, nimempa. Na sababu ni hiyo hiyo Fizikia.

Wengi wetu tulisoma zamani, mambo yamebadilika. Leo kijana anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga, au ya utabibu, anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. D inatosha. Lakini mtoto wa sekondari ya kata, ambako mwalimu wa Fizikia ni hadithi, akifika kidato cha tatu analiacha somo hilo kwa furaha. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo, akiwa na miaka kumi na mitano, amejifungia mlango wa wodi. Anakuja kushtuka matokeo yametoka. Ana B ya Biolojia, anataka kuwa nesi, na hakuna pa kumpeleka.

Hawa wenzetu wanaingia madarasa ya kidato cha pili, kabla masomo hayajachaguliwa. Hawaanzi na hotuba. Nilipokwenda kuwaona, mwalimu alikuwa na moyo wa mbuzi kutoka buchani, anaupasua juu ya jani la mgomba huku watoto wakihesabu vyumba vinne. Msichana mmoja alizimia. Alipozinduka akarudi mstari wa mbele. Nikajisemea, huyu wetu.

Halafu wanawaeleza kwamba hospitali si daktari na nesi tu. Yupo wa maabara, wa dawa, wa mionzi, wa mazoezi ya viungo, afisa afya anayekagua vyoo na machinjio, fundi wa vifaa tiba, mtunza kumbukumbu. Kijana mmoja anayetengeneza redio za kijiji kizima hakuwa anajua kwamba kuna mtu analipwa mshahara kwa kutengeneza mashine ya oksijeni.

Kazi yao nyingine haina sifa, na mimi ndiyo iliyonigusa zaidi: kujaza maombi ya chuo. Siku hizi kila kitu ni mtandaoni, na kule mlimani mtandao unapatikana ukisimama kwenye jiwe fulani. Watoto hushuka hadi steshenari, wanamlipa kijana wa kompyuta, anawajazia. Mjukuu wa ndugu yangu alikosea hivyo hivyo: tarakimu moja ya namba ya mtihani, mwaka mzima ukapotea. Kikundi hiki kinakaa na kila mtoto, namba inasomwa mara mbili kwa sauti, kama sisi tulivyokuwa tukisoma lebo ya chupa ya damu. Na tangu mikopo ya serikali ilipofunguliwa kwa baadhi ya kozi za stashahada mwaka 2023, wanawasaidia pia kujua nani anastahili na nani asipoteze pesa ya fomu.

Niseme kidogo kuhusu mahali penyewe. Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda hadi miti ya kwinini. Baadaye Waingereza wakaleta wataalamu wa malaria. Wenyeji wengi walifanya kazi pale kama wasaidizi, kukamata mbu na kubeba vifaa. Dawa na elimu vilipita mlango wa nyumba zao miaka na miaka. Nikimwona binti wa pale ameshika kipima joto kwa jina lake mwenyewe, sihitaji maelezo marefu.

Mnajua msemo wetu, Tanga waja leo waondoka leo. Mjini tunausema kwa maringo. Kwenye zahanati za vijijini ni msiba: mtumishi anaripoti Jumatatu, mwisho wa mwezi anatafuta uhamisho. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri tangu mwaka 2010 kwamba vyuo vichukue vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kukaa huko. Bibi yangu angesema hilo bila mkutano wa Geneva. Anayejua njia ya mtoni na anayeitwa shangazi na nusu ya kijiji haondoki upesi.

Ngao tuliipeleka wenyewe. Gari lilikwama kwenye tope juu ya kijiji cha Kisiwani, mhasibu akasukuma na viatu vya ngozi, namwomba radhi tena mbele yenu. Waliipokea kwa ngoma na chai ya iliki, wakaitundika. Kisha mama anayeongoza kikundi akanivuta pembeni. Akasema, "Dada, tunashukuru kwa ubao. Lakini hawa watoto hawajawahi kumsikia mkunga akieleza usiku wake wa kwanza leba. Tupeni Jumamosi zenu."

Sikuwa na jibu. Sisi hapa tuna miaka ya kazi isiyohesabika, na Jumamosi zetu tunazimalizia barazani tukilalamikia manesi wa siku hizi.

Kwa hiyo nimekubali kwa niaba yenu, bila kuwauliza; mtanisulubu kwenye mengineyo. Katibu ana ratiba mezani. Mwezi huu umejaa, na yule kaka wa zamu za usiku Bombo ndiye aliyejiandika wa kwanza. Mwezi ujao Jumamosi mbili hazina jina. Nauli ya hadi Muheza na kupanda mlima chama kitalipa. Mvua ikinyesha, bodaboda wa Kisiwani mtaelewana naye wenyewe.