Hizo "lita 45 tu" zina nini ndani?

Mhariri,

Miaka yote hii nimelisoma gazeti lako nikimeza mengi, lakini la Jumanne limenikwama kooni. Katika ile makala yenu ya virusi vya polio vilivyomwagika kutoka kiwanda cha chanjo cha Rixensart, Ubelgiji, mwandishi wenu kaeleza kwamba chanzo kilikuwa makosa ya kibinadamu, akaweka nukta, akaenda zake kwenye aya nyingine. Ni nukta hiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kiasi chenyewe mmekitaja kana kwamba ni maziwa. Septemba 2, 2014, lita 45 za kimiminika chenye virusi hai vya polio aina ya 3 ziliingia kwenye maji taka, zikapita mtambo wa kusafisha maji wa Rosières, zikaishia mto Lasne. "Lita 45 tu." Hilo "tu" mmelitoa wapi? Chanjo ya polio ya sindano huanza kwa kukuza virusi kwenye chembehai ndani ya matangi makubwa. Kisha kimiminika huchujwa na kukolezwa, mpaka kilichojaza tangi kienee kwenye chombo unachoweza kukisukuma kwa mkono. Kwa hiyo kadiri ujazo unavyopungua, ndivyo kila tone linavyozidi kuwa la hatari. Lita hizo 45 zilikadiriwa kuwa na vipimo trilioni 10 vya virusi vyenye uwezo wa kuambukiza, yaani zaidi ya milioni 200 katika kila mililita. Hata mtambo wa maji taka ukiondoa asilimia 99, bilioni 100 bado zimo safarini. Na kuua virusi huja mwishoni kabisa: formalini sehemu moja kwa 4,000, nyuzi joto 37, siku 12 au zaidi, huku kimiminika kikichujwa tena njiani kwa sababu kirusi kilichojificha katikati ya bonge hakifikiwi na formalini. Chochote kinachomwagika kabla ya hapo ni hai.

Sasa nirudi kwenye nukta yenu. Binadamu hukosea, hiyo si habari. Habari ni kwamba kuna bomba ambalo mkono mmoja ukikosea, virusi hai vinafika mtoni. Tangi la kukolezea virusi halipaswi kuwa na njia yoyote ya moja kwa moja kuelekea mfereji wa nje. Kila tone, pamoja na maji ya suuza ya kwanza ambayo watu hupenda kuyadharau, liende kwenye tangi la kuulia, lichemshwe kwa mvuke, na vali ya kutokea ikatae kufunguka mpaka kumbukumbu ya joto ionyeshe kwamba nyuzi 121 zimefikiwa na zimekaa muda uliowekwa. Vali hiyo iwe ya springi, umeme ukikatika ijifunge yenyewe. Ziwe mbili, na nafasi kati yake ipimwe, ili ya kwanza ikivuja ijulikane kabla ya pili. Kipimajoto kisikae juu ya tangi peke yake, maana mashapo hutulia chini, na chini ndiko kunakobaki baridi huku skrini ya chumba cha udhibiti ikionyesha kijani kibichi kizuri. Kuna na lile bomba la kukwepesha maji yasipite kwenye tangi hilo, lililowekwa "kwa muda" wakati wa matengenezo, likasahaulika lina vali ya mkono isiyo na kufuli. Wanaotumia klorini badala ya joto nao hupima dawa wanapoimimina, wakati protini na mabaki ya chembehai yanaila klorini kama mchwa; kinachotakiwa kupimwa ni klorini iliyobaki huru baada ya nusu saa. Mwandishi wenu hakuuliza hata moja kati ya haya. Aliambiwa ni mtu, akaridhika.

Mkaongeza kwamba hapakuwa na wasiwasi kwa wafanyakazi kwa kuwa wote wamechanjwa. Mhariri, chanjo ya sindano humkinga mtu asipooze. Utumbo haiukingi vya kutosha, kwa hiyo aliyechanjwa anaweza kubeba virusi, akavitoa chooni kwa wiki kadhaa, na asisikie hata homa. Aprili 3, 2017, kimiminika chenye polio aina ya 2 kilimwagika katika kiwanda cha chanjo huko Uholanzi. Wahudumu wawili walikuwa hatarini kuambukizwa, wote wamechanjwa kikamilifu. Siku nne baadaye virusi vikaonekana kwenye choo cha mmoja wao, halafu kwenye maji taka, na mtu huyo akatengwa nyumbani kwake mpaka alipoacha kuvitoa, siku 29 tangu ajali. Hao angalau walijua kwamba kuna kilichomwagika. Novemba 2022, katika nchi hiyohiyo, aina ya 3 ilionekana kwanza kwenye sampuli ya maji taka ya eneo la viwanda na maabara, ndipo mfanyakazi aliyeambukizwa akatafutwa na kupatikana. Mfereji ulizungumza kabla ya mtu.

Na hiyo picha! Mmeweka mtu mwenye vazi la kujaa hewa anapangusa meza, na maelezo chini yake yanasema anatumia spiriti. Virusi vya polio havina ganda la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha, kwa hiyo spiriti haviogopeshi sana. Mngepiga picha ya chemba ya maji taka mngekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kwa hayo ya chemba, someni ya Pirbright, Uingereza, Agosti 2007. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, vya aina iliyopatikana mwaka 1967, vikazuka kwenye ng'ombe wa jirani. Kiwanda cha chanjo na taasisi ya utafiti vilitumia mfereji mmoja. Tindikali ya sitriki ya kuulia virusi iliwekwa mwanzoni, kostiki soda ya kumalizia kazi hiyo mwishoni, na katikati kulikuwa na bomba chakavu lenye nyufa na mizizi ya miti. Mvua kubwa ikanyesha, na inaaminika maji yenye virusi yalivujia udongoni, malori ya ujenzi yakausomba udongo huo hadi nje. Kwamba bomba linahitaji kubadilishwa lilijulikana. Wahusika walikuwa bado wanavutana nani atoe fedha.

Pendekezo langu ni dogo. Mipira na viungio vya upande wenye virusi hai viwe vya kipenyo kisichoingiana na kitu chochote cha upande wa mfereji, ili mhudumu aliyechoka saa tisa usiku asiweze kuviunganisha hata akitaka. Ofisi ya mkurugenzi ijengwe juu ya tangi la kuulia, dirisha likitazama vali ya kutokea. Nanyi mkiandika tena habari za aina hii, ulizeni mambo matatu kabla ya kuuliza nani alikosea: lita ngapi, vipimo vingapi kwa mililita, na bomba linaelekea wapi.

Fundi wa mifumo ya maji taka ya viwandani