Wifi yangu wa Igombe, lala ubavu, tena ulale usingizi wa kweli

Wifi, mwangaluka.

Ile voisi uliyonitumia saa tisa usiku nimeisikiliza yote, na nimeona nikujibu hapa hadharani bila kutaja jina lako, maana hilo linalokuliza linawaliza wengi huku Mwanza, kuanzia Igombe kwenu mpaka Buhongwa, ila wengi wananyamaza nalo. Umesema ulishtuka usingizini ukajikuta uko chali, ukakaa kitako mpaka kunakucha unasikilizia kama mtoto anacheza, na tangu hapo unaogopa hata kufumba macho. Hapana wifi, mimba ya miezi saba bila usingizi utaumia bure, na mtoto hajakudai hilo.

Sikiliza. Kushtuka uko chali si kwamba umemdhuru mtoto. Unageuka ubavu, unaendelea kulala. Mkao wenye uzito ni ule unaoanza nao kulala, kwa sababu ndo unakaa nao muda mrefu kuliko yote, huko katikati ya usiku mwili unajigeuza wenyewe na hakuna mtu anayeweza kujilinda akiwa usingizini. Kwaio kazi yako ni ndogo tu, ukipanda kitandani anza kwa ubavu, ukiamka kukojoa ukirudi anza tena kwa ubavu, na mchana ukijilaza baada ya kula ni hivo hivo.

Mama anaposema usilale chali yuko sahihi kabisa, ila hajakwambia kwa nini, na ukijua kwa nini hofu inapungua. Mimba ikishakuwa kubwa, ukilala chali uzito wote wa mfuko wa uzazi, yani mtoto, maji na kondo la nyuma, unaegemea uti wa mgongo, na pembeni ya uti wa mgongo ndo unapita ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Ule mshipa ni laini, ukilaliwa unabonyea kama mpira wa maji uliokanyagwa, damu inayorudi moyoni inapungua na ya kwenda kwa mtoto nayo inapungua. Ndo maana wengine wakilala chali wanasikia kizunguzungu, jasho jembamba, moyo unaenda mbio, wakigeuka tu inaisha. Wengine hawasikii chochote, na hao ndo inabidi waambiwe.

Na sio maneno ya kijiweni. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha tafiti za New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani, wakakuta kwamba kuanzia wiki ya 28, wanawake walioanza usingizi wakiwa chali hatari yao ya mtoto kufia tumboni ilikuwa juu zaidi ya mara mbili ukilinganisha na waliolala ubavu wa kushoto. Najua ukisoma hapo moyo utaruka, kwaio soma na hii: kwa mama mmoja mmoja hatari yenyewe ni ndogo, wengi sana waliolala chali wamejifungua salama, ila kwa vile kugeuka ubavu hakuna gharama basi tunageuka. Na kabla ya wiki 28 hakuna sababu ya kujitesa, hata kifudifudi miezi ya mwanzo hakuna shida, tumbo lenyewe likikua litakukataza. Wiki zako zihesabu kwa ile tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, usihesabu kwa kukisia miezi.

Alafu hili la kushoto tu. Umeniambia nyonga ya kushoto inawaka moto kwa sababu yule jirani amekwambia kulia ni mwiko. Hao hao watafiti waliangalia, wakakuta kulia hakuna tofauti na kushoto. Manesi wengi wanapenda kushoto kwa kuwa ule mshipa umekaa upande wa kulia wa uti wa mgongo, na hata kwa kiungulia kushoto kunasaidia, ila nyonga ikichoka geukia kulia wifi, lala, ikichoka tena rudi. Na lile la kwamba ukigeuka bila kuamka kwanza ukae, mtoto anajizungushia kitovu shingoni, hilo nalo liache. Kitovu kinajizungusha kwa mtoto mwenyewe anavyocheza humo ndani, haitokani na mama kugeuka kitandani.

Sasa kitanda chenu, hapo ndo naona tatizo lenyewe lilipo. Mnalalia nne kwa sita na lile godoro limebonyea katikati, hata ukianza ubavu linakuvuta linakurudisha chali. Ligeuzeni, kichwani kuwe miguuni, chini kuwe juu, hilo ni la leo leo. Ile mito ya wajawazito ya dukani ni ghali na hailazimiki. Chukua foronya mbili, zijaze nguo kuukuu na vipande vya kitenge mpaka zishibe, moja iwe katikati ya magoti mpaka kwenye vifundo vya miguu, sio gotini tu, maana goti la juu likidondoka mbele nyonga inajivuta na hapo ndo maumivu yanapoanzia. Ya pili iweke mgongoni, au blanketi lililokunjwa likawa gumu, ili hata ukijiviringisha nyuma usifike chali yote, ubaki umeegemea. Na chini ya tumbo khanga moja iliyokunjwa inatosha, isukume pale tumbo linapogusa godoro mpaka uhisi limebebwa, utajua mwenyewe maana mgongo unaachia palepale. Magoti yakunje kidogo. Kuamka usinyanyuke kama unavyofanya sa hivi kwa kuvuta tumbo, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume na mikono.

Chandarua nacho. Ukilala ubavu na magoti mbele, mwili unafika pembeni na mbu anakuuma kupitia chandarua pale ngozi inapokigusa, na huku kwetu kando ya ziwa malaria ya mjamzito sio mchezo, inamgusa mpaka mtoto. Lala katikati, kingo zichomeke chini ya godoro, na zile dawa za SP za kukinga malaria wanazokupa kliniki meza palepale mbele ya nesi kama wanavyosema.

Kiungulia: ugali kula mapema, masaa mawili au matatu kabla ya kulala, na usiku upunguze mafuta. Kisipoacha wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, ukiinua kwa mito mirefu shingo ndo itakayolipia. Kigimbi kikikaza usiku nyoosha mguu uvute vidole kuelekea kwako, usivielekeze chini, kisha ukande. Maji usiache kunywa kwa kuogopa kukojoa, kunywa sana mchana upunguze jioni, na weka ndoo yenye mfuniko ndani, usitoke kwenda choo cha nje gizani peke yako juu ya yale mawe yenye utelezi. Dawa za usingizi za dukani usiguse bila dokta.

Hapa naongea na kaka yangu, na najua atasoma. Kaka, usiku wa giza uko ziwani na dagaa, mbalamwezi ikitoka ndo unalala nyumbani, kwaio mwenzio kila baada ya siku kadhaa anazoea kitanda peke yake alafu ghafla ana robo ya kitanda. Ukiwa nyumbani mpishe, wewe lala kwenye mkeka au godoro dogo kama hamtoshi, ni miezi miwili tu imebaki. Ukirudi alfajiri usimwamshe akutengee maji ya kuoga, huo ndo muda usingizi umemkamata vizuri, jitengee. Na ukimkuta yuko chali usipige kelele ukamtisha, mguse bega taratibu ageuke.

Wifi, kuna vitu ambavyo kugeuka ubavu hakuvitibu, na hivyo usinitumie voisi, nenda. Mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, usisubiri kukuche na usikubali wakuambie amepunguza kwa sababu amejaa tumboni, mtoto anatakiwa acheze mpaka siku ya kuzaliwa. Damu ikitoka, maji yakikutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, hiyo inaweza kuwa presha inayoelekea kifafa cha mimba, ni usiku huo huo kituo cha afya, na wakiona inahitajika watakupa rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Na kama nesi wako amekupa maelekezo tofauti kwa ajili ya hali yako, shika ya nesi, achana na yangu.

Ongea na yule boda wa jirani mnayemwamini, kubalianeni kabisa kwamba ukipiga usiku anakuja, na namba yake kaka aiandike kwa kalamu nyuma ya mlango maana simu zinazima chaji. Foronya mbili nilishazitoa, atakuletea shangazi akija mnadani wiki hii. Na kliniki ijayo mwambie nesi kwamba miguu inakukosesha raha usiku mpaka unaitikisa, akuangalie wingi wa damu, maana damu ikipungua huwa inaleta hayo pia, na zile dawa za kuongeza damu kama zinakufunga choo mwambie, usiziache kimyakimya. Akishakupima nitumie majibu.